Kiganja Juu ya Spika

Kuna wakati sisi wapiga besi wa Mwanza tulikuwa hatununui spika bila kwanza kuiwekea kiganja. Unaiwasha, unapiga uzi wa chini kabisa, unafumba macho, kisha unalaza mkono juu ya kasha kama mama anayepima homa ya mtoto. Hata redio ndogo za taarifa ya habari tulizipima hivyo hivyo, na wauzaji wakatucheka. Hatukujali. Tulikuwa tumejifunza kwa bingwa.

Bingwa mwenyewe alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku isiyo na shughuli. Alikuwa amepiga besi katika bendi ya shirika moja la umma tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa, kazi yangu kiwandani, na besi nilipiga katika kwaya ya kanisa letu pale Igogo. Jumapili nikimaliza ibada nilikula haraka haraka, nikaenda kwenye bugi, lile dansi la mchana ambako bendi yake ilipiga. Mchungaji angejua angenitoa kwenye kwaya siku hiyo hiyo. Nilisimama mbele kabisa ya jukwaa, sichezi, natazama vidole vya yule mzee tu. Nilifanya hivyo miaka sita, na nyimbo zile ninazo kichwani mpaka leo.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko kwa wanamuziki, na wapiga besi tulikutana kwenye kibanda cha fundi redio pale Mlango Mmoja. Mimi nilipitia hapo nikitoka zamu. Ajabu ni kwamba karibu wote tulikuwa hatuna vyombo. Zamani gitaa, amplifaya na spika vilikuwa mali ya shirika au ya kanisa, vinafungiwa stoo. Mpiga besi alikuwa na vidole vyake tu. Lakini biashara ilikuwa imefunguliwa, makontena yanaingia, na katikati ya makoti ya mitumba na friji za watu waliokufa huko Ulaya ungeweza kukuta amplifaya. Basi tuliongea. Tulibishana kama amplifaya za taa, zile za zamani zenye vioo vinavyowaka ndani, zina sauti nzito kuliko hizi mpya. Tulifundishana kuchemsha nyuzi za besi zilizochakaa kwa maji ya sabuni mpaka zirudishe mlio, na wake zetu wakalalamika kwamba ugali unanuka chuma. Mwenzetu mmoja alipata amplifaya ya Kimarekani, akaichomeka ukutani bila kusoma kwamba inataka volti mia na kumi, nusu ya umeme wetu. Ikatoa moshi kabla hajapiga hata noti. Tulicheka mpaka fundi akatufukuza.

Yule mzee ndiye aliyekuwa hakimu wetu. Mtu akiona chombo mahali, anamfuata mzee akakipime. Naye atakuja, atafumba macho, ataweka kiganja juu ya kasha na paja pembeni yake, atanyamaza, halafu atatoa hukumu: hii spika imechoka, hii imewahi kuzibwa, hii chukua. Hakukosea. Nasi tukaiga kiganja, paja na hata kule kufumba macho.

Tabia yake ndiyo iliyotushinda. Alikuwa akiongea sana na kusikiliza kidogo. Ukimjibu anakukazia macho mdomoni mpaka unaona haya, na ukiongea kwa kasi anakukemea: "Usile maneno, bwana mdogo. Fungua mdomo." Siku moja karibu na stendi nilimpa shikamoo tatu mgongoni, ya mwisho nikipiga kelele, asigeuke. Mimi nina hasira za karibu. Niliapa sitamsalimia tena mtu mwenye maringo kiasi kile, na Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimekaa miguuni pake namsikiliza akieleza habari za transfoma.

Kisha mambo yakabadilika. Shirika likauzwa, mwenye mali mpya akasema yeye hakununua ngoma, na bendi ikavunjika. Vyombo vikapigwa mnada pamoja na meza na makabati. Miezi michache baadaye na mimi nikapunguzwa kiwandani. Kwa hiyo habari kwamba mfanyabiashara mmoja wa minofu ya sangara amefungua baa kubwa njia panda ya Usagara, kwamba ameagiza vyombo vya mitumba na anatafuta wanamuziki, tuliisikia mimi na mzee kwa pamoja, na nafasi ya besi ilikuwa moja.

Mzee aliniomba nimsindikize. Alitaka besi ya kujaribia, nami nilikuwa na funguo za stoo ya kwaya. Niliifunga besi ya kanisa kwa kitenge cha mke wangu, tukaondoka. Njiani aliniambia maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu pale kibandani.

"Mwaka mzima sijashika besi. Mama watoto anasema hata nikilala vidole vinatembea. Huyu bwana akinikataa ndiyo basi. Nani mwingine atamchukua mtu wa umri wangu?"

"Atakuchukua, mzee," nilimwambia. "Atampata wapi mwingine kama wewe?"

Nilisema kwa dhati. Lakini chini ya dhati hiyo nilikuwa na tamaa yangu, siwezi kudanganya. Nilikuwa nimevaa shati langu la harusi.

Mwenye baa alitupokea mlangoni, mtu mnene mchangamfu, Msukuma kama mimi. "Kalibuni, kalibuni! Shikamoo, mzee. Sifa zako nimezisikia." Viti vilikuwa bado vimepandishwa juu ya meza. Chombo chenyewe kilikuwa pembeni ya jukwaa la saruji, amplifaya juu na kasha la spika chini, kitambaa cha mbele kimechanika kidogo. Mzee aliinua amplifaya upande mmoja kupima uzito, akatabasamu.

"Chuma cha kweli," alisema. "Za siku hizi unabeba kwa kidole. Piga, bwana mdogo."

Nikachomeka, taa nyekundu ikawaka. Nikapiga uzi wa chini, na sauti ikatoka nene, safi, mpaka glasi za kaunta zikalia. Mwenye baa akapiga makofi. Mzee akasogea, akaweka kiganja na paja mahali pake, akafumba macho. Nikaanza kupiga wimbo mmoja wa bendi yake ili kumfurahisha.

Sijamaliza mzunguko wa pili, sauti ikakatika. Niliendelea kupiga kidogo, kisha nikainama nyuma ya kasha na kuona waya wa spika umechomoka, umelala sakafuni. Wakati huo huo, nyuma ya ukuta, jirani akawasha mashine ya kusaga. Ilikuwa ya dizeli, na ilipokamata mwendo jukwaa zima likaanza kutetemeka chini ya miguu yetu, du, du, du. Nikasimama, mikono imeachia nyuzi, nangoja mzee afumbue macho nimwambie tuunge waya.

Mzee hakufumbua macho. Alikuwa anatikisa kichwa.

"Hapo!" alisema. "Hapo sasa! Unaona inavyovuta chini? Usiache, endelea hapo hapo. Bosi, hii usiiachie. Miaka ishirini sijakutana na spika yenye tumbo kama hili."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni nitafute utani, nikakuta furaha tupu, furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Mashine inasaga mahindi ya watu, besi imekufa mikononi mwangu, na bingwa wa Mwanza anaisifia. Nilipigwa na bumbuwazi kiasi kwamba hata kumgusa bega sikuweza. Shikamoo zangu tatu za stendi. Macho yake mdomoni mwangu. Kile kiganja! Mungu wangu, kile kiganja ambacho mji mzima tulikiiga tukidhani ni siri ya ufundi! Tulikuwa tunaiga uziwi.

Mwenye baa alinivuta mkono mpaka kwenye kaunta.

"Huyu mzee vipi?" aliuliza. "Mbona sisikii kitu na yeye anasifia?"

Ningeweza kusema mzee anatania. Ningeweza kusema amechoka na safari, au tuunge waya kwanza tuone. Maneno yalikuwa mengi, na yule bwana alikuwa tayari kuamini lolote. Nilichosema ni hiki: "Hasikii, bosi. Lakini mimi nasikia."

Bado najishangaa. Kushtuka kule hakukunizuia hata nusu dakika kutafuta riziki yangu ndani yake. Nilipogeuka, mzee alikuwa amefumbua macho. Alikuwa amesimama hatua kama nane kutoka kwetu, ananitazama mdomoni.

Mwenye baa alikwenda kwake, akaanza kusugua mikono. "Mzee, sijui nikwambieje..."

"Usiniambie, nimeona," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa ile ile ya Jumatatu, ya hakimu. "Kijana amesema kweli. Mchukue yeye, anajua. Na huo waya muunge kwa risasi ya kulehemu, msiuache hivyo. Chombo ni kizima."

Nilitaka jukwaa lile linimeze. Mwenye baa alituletea soda, na mzee akainywa yake mpaka mwisho taratibu, mtu asije akasema ameondoka kwa hasira. Mimi yangu niliiacha kaunta. Nafasi ile niliichukua, sitajifanya mtakatifu; nilipiga besi pale Usagara miaka mitatu na watoto wangu walikula kwa hiyo kazi.

Tulitoka tukasimama barabarani kungoja gari la kurudi mjini. Nilikuwa nimebeba besi, sina pa kuweka macho. Yeye ndiye alianza kuongea, bila uchungu niliokuwa nikiutarajia. Alisema lilianza sikio la kushoto, lile lililokuwa upande wa spika, kisha la kulia likafuata. Mwaka wa tano sasa hasikii kitu. Tuni alikuwa akiitafuta kwa kuegemeza taya kwenye pembe ya besi, mfupa unamwambia. Mguu wa mpiga ngoma aliufuata kwa macho. Kasha la spika alilisogeza paja liguse. Vidole vilikuwa vinajua njia.

"Hata mama watoto nilimficha mwaka mzima," alisema. "Ila kuna kitu nilitamani kumuuliza mtu, nikashindwa, maana swali lenyewe lingenitoa kazini."

Akanigeukia, akanitazama mdomoni.

"Wewe ulikuwa unasimama mbele kila Jumapili. Niambie. Nilikuwa napatia? Au watu walikuwa wananivumilia?"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka ndani. Miaka minne mtu anapanda jukwaani mbele ya umati, anapiga, anashuka, hajui kama ametengeneza au ameharibu. Na jibu nilikuwa nalo mimi, mwizi wake. Nilikuwa nimemsikiliza kwa wivu, nikitafuta kosa ili nijione afadhali, na sikuwahi kulipata. Siku mpiga solo alipopotea katikati ya wimbo, besi ya mzee ndiyo iliyokwenda kumchukua na kumrudisha.

Nilifungua mdomo wote. "Hukukosea, mzee. Hata mara moja."

Alisoma mpaka neno la mwisho, kisha akatabasamu. "Asante, bwana mdogo. Una huruma."

"Si huruma! Ni kweli tupu! Naapa mbele ya Mungu, mzee, hukukosea!"

Akatikisa kichwa polepole. "Uso wako ukisema kweli nimeuona leo, pale kaunta. Hauko hivi."

Akanipa mgongo, akatazama barabara. Nami nikabaki nyuma yake, besi ya kanisa begani, nikisema kwa sauti kwamba hakukosea, kwamba nilikuwa nahesabu kila noti, kwamba hakukosea. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga alinitazama kama mwendawazimu. Nilisema hivyo mpaka gari likaja.