Bahasha Ambayo Sikuifunga

Kazi yangu Lindi mjini ni kupekua simu zinazoletwa na wapelelezi. Mdogo wangu wa kiume alipenda kunihoji kuhusu kazi hiyo, nami nilimweleza kwa fahari: simu inayobishaniwa hufungwa kwenye bahasha mbele ya mashahidi, wote wakasaini juu ya gundi. Bila hivyo, hata ukweli mtupu hugeuka uvumi.

Baba alipofariki tulikuta amejirekodi kwenye simu yake, akitamka kwamba shamba la mikorosho la Likawage amempa mama. Tuliisikiliza wawili, mimi na mdogo wangu, tukalia pamoja. Mama hakutaka kusikia sauti ya marehemu akiwa bado kwenye eda. Baada ya siku chache mdogo wangu akaanza kusema shamba liuzwe, basi siku ya arobaini, watu wakila pilau, nilitoa bahasha nikaomba mashahidi.

"Dada, na wewe!" alicheka, mkono begani mwangu. "Leo tunamwombea baba, wewe unatuletea mambo ya polisi? Watu watasema ndani humu mna wezi. Ichukue tu uende nayo Lindi. Nani asiyekuamini?"

Mashangazi wakaguna. Kweli, kwetu kumfungia ndugu yako kitu kwa gundi mbele ya wageni ni kumtukana. Nikaona haya, nikaitia simu mkobani. Tena nilimshukuru, mjinga mimi, kwa kuniokoa na aibu.

Eda ilipokwisha, tulikwenda kwenye baraza la ardhi. Sauti ya baba ilisikika vizuri, na kikohozi chake. Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ndipo mdogo wangu aliposimama, mpole, kanzu imenyooka kwa pasi.

"Waheshimiwa, simu hii imekaa kwa dada, na kazi yake ni simu. Nani alishuhudia akiifungua? Bahasha iko wapi? Ina sahihi za nani?"

Maswali yangu! Yote, kwa mpangilio ule ule niliomfundisha. Nilitamani kumzaba kibao palepale. Nikaeleza kwamba nilipofika Lindi nilitoa nakala, na tangu hapo hakuna kilichoguswa.

"Na kabla ya hapo?" mwenyekiti akauliza.

Zaidi yangu, aliyeisikia kabla ya hapo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Rekodi ikawekwa kando.

Nje, mama alinishika mkono, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, niambie mimi tu. Baba yako alisema hivyo kweli?"