Hadubini Ambayo Haikuibwa

Wiki iliyopita nilipigiwa simu hapa ofisini nikaarifiwa kwamba mwalimu wa Kemia niliyefundisha naye katika shule moja ya Eastlands, kabla sijaacha chaki nikashika kalamu, ameaga dunia. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulikuwa watu wa kugawana chai ya saa nne na kubishana, yeye akiniona mtu wa maneno matupu na mimi nikimwona mtu asiyejua kupumzika. Nilikwenda kwenye ibada ya kumuaga huko Kaloleni, mtaa alimolelewa na baba yake aliyekuwa mtu wa reli, na ambao hakuwahi kuuhama. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama nje madirishani. Walisema mengi juu yake, na mengi yalikuwa ya kweli. Kisha akasimama kijana mmoja nadhifu, mwanafunzi wake wa zamani ambaye siku hizi ni karani wa benki, akasema kitu atakachomkumbukia mwalimu ni huruma. Alisema walipokuwa kidato cha tatu, mwenzao mmoja aliiba hadubini ya shule, akakiri mbele ya darasa, na mwalimu badala ya kumfukuzisha akamsitiri, hata akajitwika lawama mwenyewe. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mama aliyeketi karibu nami akafuta machozi. Mimi nilikasirika hata sikuusikia wimbo uliofuata, kwa kuwa marehemu alijaribu kwa miaka kuifuta hadithi hiyo, na sasa ilikuwa ikisimuliwa juu ya jeneza lake kama sifa.

Basi wasomaji wangu mtaniwia radhi leo nikiacha siasa na bei ya unga, niisimulie ilivyokuwa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini. Mwalimu huyu alikuwa amechoshwa na wanafunzi wanaokariri Kemia kama wanavyokariri nyimbo za redio, wakapasi mtihani na kusahau yote kabla ya likizo kwisha. Akaamua kuwapa kazi ya wiki nzima: maabara iwe mahali pa uhalifu, kitu kiwe kimeibwa, na wao wamtafute aliyekiiba kwa kufuata alama alizoacha. Aliwaambia wazi kwamba ni kazi ya darasa na hakuna atakayefungwa. Kwa ruhusa ya mkuu wa shule, akaichukua hadubini pekee tuliyokuwa nayo, ambayo ilifunikwa kitambaa na kuheshimiwa kuliko baadhi yetu walimu, akaitia ndani ya kiondo chake na kwenda nayo nyumbani. Nyuma yake aliacha alama ya kiatu kwenye unga uliomwagika sakafuni, uzi wa sufu kwenye msumari wa kabati, na vidole vyake kwenye kioo. Aliwafundisha kusaga risasi ya penseli hadi iwe vumbi, kulipaka vumbi hilo kwa brashi laini, na kuinua alama ya kidole kwa selotepu. Mimi nilimcheka. Nilimwambia watoto wa Eastlands hawahitaji somo la wizi, maana wamezaliwa wakiuona. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye vitabu alivyokuwa akisahihisha: "Wizi wanaujua. Uchunguzi ndio hawajauona."

Darasa likagawanywa makundi, na kundi litakaloshinda likaahidiwa mikate na soda. Siku mbili za kwanza zilikuwa za furaha tupu. Vumbi la penseli lilipakwa kila mahali, hata meza yangu haikusalimika, na wasichana walionekana wamechuchumaa na rula wakipima unga kana kwamba ni dhahabu. Mimi nilikuwa nimeombwa niwe hakimu wa kusikiliza matokeo siku ya mwisho. Lakini siku ya tatu kundi moja la wavulana likatangaza kwamba limemaliza, mwalimu akaniita, nikaja nimejaa uhakimu na miwani yangu puani. Mkuu wa kundi, ambaye ndiye karani huyu wa benki, kijana mwenye akili nyingi darasani, alimsukuma mbele mwenzake mmoja. Alikuwa mvulana mpole aliyehamia shuleni muhula ule akitokea Kayole, hana rafiki bado, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa waya. Akasimama ubaoni akasema ameiiba hadubini. Alieleza alivyopitia dirishani, alivyoifunga kwa sweta, na mnunuzi wa vyuma kuukuu aliyemuuzia. Alijua hata rangi ya mkokoteni wa mnunuzi huyo. Nimesikia wanasiasa wengi wakidanganya katika kazi yangu hii, lakini sijapata kusikia uongo ulionyooka namna ile.

"Kesi imeisha, mwalimu," mkuu wa kundi akasema. "Amekubali."

Mwalimu akauliza kama waliupima unga. Hapana. Alama za vidole je? Hawakufika huko. Basi walimjuaje? Wakaeleza bila kificho, maana hawakuona kosa. Mvulana huyu alikuwa mgeni, alikuwa akiogopa-ogopa, na ndugu yake mkubwa alikuwa ameshikwa na makarao, yaani polisi, kwenye msako mwaka uliotangulia. Wakampeleka nyuma ya tangi la maji wakati wa chakula cha mchana, wakampigisha magoti kwenye kokoto, na siku ya pili yake wakamrudisha pale pale bila kula. Walidhani mwalimu amempanga kisiri awe mwizi wa mchezo, kwa hiyo kila alipokana waliona anacheza vizuri. Kiongozi wao alitaka tuelewe kwamba hawakumpiga sana. Mwalimu akakifungua kiondo chake, akaitoa hadubini, akaiweka mezani mbele ya darasa na kusema kwamba ni yeye aliyeichukua na ilikuwa nyumbani kwake tangu Jumatatu hadi asubuhi hiyo. Nilitarajia kicheko, au aibu angalau. Yule mkuu wa kundi aliitazama hadubini, akamtazama mwalimu, akasema polepole kama mtu anayemkumbusha mkubwa jambo alilosahau:

"Lakini mwalimu, amekubali."

Msichana mmoja wa kundi jingine alikuwa amepima alama ya kiatu siku ya kwanza na kujua ni cha mwalimu. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alijibu kwamba mtu hawezi kumshuku mkubwa wake. Wiki hiyo hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha methali ya kikulacho ki nguoni mwako, wakaiandika kwa hati nzuri na kuitungia sentensi. Haikumsaidia yeyote. Naye yule mvulana wa Kayole, alipoulizwa kwa nini alikiri jambo ambalo hakulifanya, alisema tu kwamba waliahidi akikubali itakwisha.

Nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyewafundisha, na jibu halihitaji vumbi la penseli. Sufuria ikipotea kwenye ploti zetu za vyumba vya kupanga, hakuna anayeuliza mlango ulifunguliwaje. Watu hukusanyika mlangoni kwa mpangaji mgeni, au kwa yule asiye na kazi, au kwa mama asiye na mume. Watoto hawa walikuwa wamewaona baba zao wakikalishwa chini kando ya barabara alfajiri ya msako, wote kwa pamoja, aliyefanya na asiyefanya, mpaka apatikane wa kuitikia. Jioni wanasikia redio ikitangaza kwamba washukiwa wamekiri, na wazazi wao wanashusha pumzi kwa kuwa mambo yametulia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wavulana wale hawakuwa wakatili, nawaapia, walikuwa miongoni mwa bora tuliokuwa nao. Walipewa uchunguzi, wakaufanya kama walivyouona ukifanywa, na kwa bidii.

Mambo yangeishia darasani tungesema ni funzo. Lakini habari ilifika Kayole kabla ya mvulana mwenyewe, na ilipofika ilikuwa imeshapoteza neno mchezo njiani. Asubuhi yake baba yake akaja shuleni, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi aliyekuwa akifanya vibarua viwandani, amevaa koti lake la kanisani, na nyuma yake mwana akiwa na jicho lililovimba. Alikuja kuomba msamaha ili mtoto asifukuzwe. Mwalimu alimketisha, akamweleza mwanzo hadi mwisho, akamletea hadubini aishike kwa mikono yake. Mzee aliigeuza kwa uangalifu mkubwa, akamrudishia, akamshukuru Mungu kwamba imepatikana. Mwalimu akarudia tena kwamba haikuwa imepotea. Mimi nilikuwapo, nikaongeza maneno yangu ya hakimu, nikaapa na kuapa. Mzee alitusikiliza kwa adabu yote, kisha akasema: "Walimu wangu, mna roho nzuri. Lakini huyu amekiri kwa kinywa chake mwenyewe. Mkimficha, mtaniharibia mtoto."

Sijawahi kuona mtu akihangaika kama mwalimu yule alivyohangaika muhula huo. Jumamosi baada ya Jumamosi alikwenda Kayole, akapanda ngazi za jumba walimokaa, akabisha mlango kwa mlango akiwaambia majirani kwamba mwizi ni yeye. Walimkaribisha chai na kumsifu, na alipoondoka walisema ni bahati kubwa mtoto mwizi kupata mwalimu mwenye moyo kama ule. Kila alipokana kwa ajili yake, waliongeza fungu jingine kwenye huruma yake. Mvulana akaanza kukosa siku moja moja, kisha wiki, na muhula uliofuata hakurudi. Mwalimu alilia siku hiyo kwenye chumba cha walimu, waziwazi, mbele yetu sote. Wako waliosema kichinichini kwamba ndiyo matokeo ya kuleta mambo ya polisi shuleni. Nilitarajia ataiacha kazi ile kabisa. Hakuiacha, kila mwaka aliirudia, lakini alianza kwa kukibonyeza kibao cha wino kwa kidole gumba chake mwenyewe, kisha cha mkuu wa shule, halafu ndipo wanafunzi. Na kwa wiki nzima ilikuwa marufuku kumuuliza mtu yeyote swali lolote. Mkuu wa shule hakuipenda shughuli hiyo ya wino, na walimu wenzetu walimwambia anawafundisha watoto kuwashuku wazazi. Yeye aliwajibu kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na kwamba haki ya mnyonge huanzia pale mwenye nguvu anapopimwa kwanza.

Mara ya mwisho tulikutana mwaka jana kwenye harusi ya mwalimu mwenzetu. Alikuwa amekonda, lakini ulimi ulikuwa ule ule, akanikemea kwa makala fulani niliyoyaandika kivivu. Kisha akaniambia amemwona yule mvulana. Alimpata kule Pipeline, kwenye mojawapo ya majumba marefu yanayoinuliwa sasa, akibeba zege, mtu mzima mwenye mke na mtoto. Mwalimu alimvuta kando, akamwambia alilotaka kumwambia miaka yote hiyo: kwamba anamwomba msamaha, na kwamba hakuna siku aliyomdhania mwizi. Kijana akamsikiliza akiwa ameishika kofia yake, akatabasamu kumtuliza. "Usijali, mwalimu," akamwambia. "Hayo mambo niliyaacha kitambo."

Mwalimu akamshika mkono, akamwambia hakuna alichokiacha kwa kuwa hakuna alichokifanya, hadubini haikuibwa, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa nayo. Kijana akasema, "Ndiyo, mwalimu." Akamuuliza kama ameelewa. Akasema tena, "Ndiyo, mwalimu," akaomba ruhusa arudi kazini kabla msimamizi hajamwona. Aliponisimulia hayo aliinama karibu nami, maana kelele za harusi zilitufunika. Aliniambia kwamba neno hilo ndiyo lilikuwa lile lile kijana alilowapa wenzake nyuma ya tangi la maji, halina tofauti hata chembe.

Nimeandika haya kwa sababu ukumbini sikupewa nafasi ya kusema, na kwa sababu karani wetu, ambaye hana ubaya wowote, ataendelea kuisimulia hadithi yake kwa nia njema. Hadubini haikuibwa. Mvulana hakuiba. Na kama kuna funzo ninaloliokota kwenye kaburi la mwenzangu, ni hili: mtu tukishamfundisha kwamba neno ndiyo ndilo linalomwokoa, hata siku tutakapompelekea ukweli atatujibu ndiyo, na hatutajua kamwe kama umemfikia.