Nimelilia Msiba Usiokuwepo

Wanaonicheka hapa Dunda, Bagamoyo, wanikome! Mtu akifunga duka mchana kweupe, akaweka picha ya mzee mezani na kufukiza udi, sisi tuelewe nini?

Mama Mei ni jirani yangu Mchina, anauza misumari na rangi. Juzi nilichungulia dirishani kwake nikayaona hayo yote, na mumewe kainama mbele ya picha. Nikasema, masikini, wamefiwa na baba, na hawana hata wa kuwatandikia mkeka! Nikapita nyumba kwa nyumba kuwasuta wenzangu: "Jirani kafiwa, nyie mmekaa mnasukana tu?"

Tukaingia wanawake kumi na wawili, mikeka kwapani, sufuria la wali kichwani. Mimi mbele, khanga kiunoni, nalia kwa sauti. Mezani palijaa samaki, kuku na machungwa, na kiti kimoja kilikuwa kitupu. Nikajitupa kitini pale nikaendelea na kilio changu.

Mama Mei akaduwaa. "Bi Mwanaidi, nani amekufa?"

Ananiuliza mimi! "Si baba mkwe wako huyu?" nikamwonyesha picha kwa hasira.

"Baba alikufa zamani, hata Bagamoyo hatujaja. Leo ni siku yake. Tumemwalika, roho yake ije kula na sisi."

Nyuma yangu nikasikia sufuria likianguka, na miguu ikikimbilia mlangoni.

"Na... ameshafika?" nikauliza.

"Amefika," akasema kwa upole. "Umemkalia."