Weusi wa Breki

Vumbi la Kibondo ni jekundu na halina ubishi. Ukilimwagia maji linaondoka. Weusi wa breki ni habari nyingine. Pedi zinaposagika unaruka ukiwa wa moto, unaganda kwenye rimu kama ukoko kwenye sufuria. Niliujua vizuri, kwa sababu miaka ya sabini nilikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Kasulu, mtu mwenye asili ya pwani, aliyekuwa na gari dogo lenye rimu za aloi. Watu walikuja dukani kwake kununua chumvi wakaishia kuchuchumaa barabarani kuzitazama. Tajiri alinifundisha mwenyewe: subiri zipoe, tumia sabuni ya kipande na kitambaa laini, na mswaki mkuukuu kwenye pembe. Mchanga ni marufuku.

Siku moja alinituma Kibondo na gari hilo. Nikapitiliza hadi Kasanda kumwona mke wangu, aliyekuwa amekwenda kwao kusalimia. Nilimkuta amelala, tumbo limevimba, hawezi hata kukaa. Tulimlaza kiti cha nyuma nimpeleke hospitali ya Kibondo. Mama yake alibaki. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakai karibu, na kiti kilichobaki kilikuwa cha pembeni yangu. Alisema atafuata kwa miguu, na hakuna aliyeona ajabu, hata mimi.

Kila tulipoanza mteremko mke wangu alisema, "Buhoro." Yaani polepole, kwa Kiha. Nilikanyaga breki. Gari likitikisika kidogo tu alisema tena, nami nikakanyaga tena, mpaka harufu ya pedi ikaingia ndani. Alifariki jioni ile. Daktari hakuniambia kama kuwahi kungebadili kitu, nami sikuuliza.

Tulimzika kwao. Mimi sikulia. Sisemi kwa majivuno. Nilikaa msibani kama gunia lililoegemezwa ukutani, watu wakanipa pole nikaitikia, wakanipa ugali nikala. Nilijua wanavyonitazama. Nilijua pia maneno yaliyomfikia mama mkwe kutoka kwa walioniona njiani: kwamba gari lilikwenda kama la harusi, kwamba mkwe wake alikuwa anaogopea rimu za tajiri. Hakuniuliza. Nami nilihofu jambo hilo moja tu, kwamba angeamini hivyo mpaka naye aingie kaburini.

Siku ya kuondoa matanga, wanawake wa jirani walikuwa mtoni wanaosha masufuria ya msiba. Mfiwa haachiwi kazi, ndiyo desturi. Walipopanda wakaona magurudumu ya mbele yamekuwa meusi tititi. Wakasema yule kijana hawezi kurudi kazini na gari chafu. Rimu ile waliiona ni kama sufuria tu, basi wakaja na mchanga na majivu.

Niliposikia ile sauti ya kukwaruza nilitoka mbio. "Acheni! Msiguse!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Wote waligeuka wakanitazama. Mtu hajamlilia mkewe, anapigia rimu kelele. Mmoja wa wale wanawake aliweka majivu chini taratibu, akapangusa mikono kwenye kanga yake.

Mama mkwe alitoka ndani. Alisimama mbali, kama ilivyopasa.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Ulikuwa unalinda gari."

"Hapana, mama."

"Mbona ulikwenda hivyo? Mwanangu yuko nyuma anakufa, wewe unakwenda hivyo?"

Sikuwa na sauti ya kubembeleza. Nilimwambia kama ninavyomweleza fundi. Weusi huu unatoka kwenye breki. Dereva asiyefunga breki rimu zake hubaki safi. Huu wote ni wa njia ile. "Kila mteremko aliniambia buhoro, mama. Kila alipolisema nilikanyaga."

"Alisema buhoro?"

"Mpaka tunafika."

Alikuja. Alipita wanawake wote, akachuchumaa karibu yangu kiasi kwamba bega lake liligusa langu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akapitisha kidole kwenye rimu ambayo haijaguswa, akakitazama. Hakukipangusa.

Kisha aliagiza maji na sabuni, kwa sababu gari lilikuwa la mtu na lilipaswa kurudi Kasulu. Wanawake walitaka kumpokea kata ya maji, akakataa. Mimi nilisugua kwa kitambaa, yeye akamimina. Weusi ulianza kuachia, ukateremka na maji hadi kwenye udongo mwekundu, nami nikasugua kwa nguvu zaidi ili nimalize, niondoke pale.

"Buhoro," akasema mama mkwe.

Nikaachia kitambaa. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya watu wote.