Mreno Niliyemnasa Kwenye Redio

Ugonjwa wangu ni kunasa vituo vya mbali. Waya wa eriali niliufunga kutoka dirisha la ofisi yetu ya pamba, hapa Mkuyuni kando ya ziwa, hadi kwenye mlingoti wa bendera.

Juzi, saa ya chai, nikanasa mtu anaongea kwa haraka.

"Ndugu zangu, hiyo ni Msumbiji," nikawatangazia wenzangu. "Kireno hicho."

Mkuu wetu akauliza anasema nini. Kireno sijui hata cha kuombea maji, lakini nilishajitia ujuzi.

"Anasoma matokeo ya mpira, mzee."

Jana sauti ikarudi, imefifia. Nikaeleza kwamba timu yake imefungwa. Mara Mama Nyamata, mpishi wetu wa chai ambaye juzi alikuwa msibani, akaingia na birika. Akasikiliza, akaliweka chini.

"Hicho ni Kikerewe," akasema. "Huyo ni mdogo wangu, yuko kwenye boti la samaki, anaita kwa redio ya upepo. Injini imekufa. Anaomba wavutwe, wamelala ziwani tangu jana."

Mkuu akamtuma dereva bandarini mbio, kisha akanigeukia taratibu.

"Ndugu karani, mpira uliishaje?"