Godoro Nililomnyima Vumilia

Mwanangu, ipo siku moja ya Julai ninayoikumbuka kila nikikuona ukipita hapa Iyunga na daftari lako, ukiwaomba majirani magodoro, ndoo na mablanketi ya wanafunzi wapya wa chuo. Kazi hiyo hata mimi niliifanya. Kaa kidogo nikwambie, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, kule Iringa. Sisi wanakwaya tulizunguka nyumba kwa nyumba, na watu walitoa. Mzee mmoja wa Kalenga alileta blanketi la marehemu mkewe, amelifua na kulikunja kama jipya. Magodoro yalikuwa machache, na mimi ndiye niliyepewa kuyagawa. Wacha niseme kweli: kugawa kulinilevya.

Kwenye foleni alikuwapo msichana mwembamba wa kutoka Ilula, jina lake Vumilia. Alivaa viatu vyeusi vya ngozi, vinang'aa. Mimi mgawaji nilikuwa na ndala. Nikamwambia mbele ya wenzake wote, "Wewe mwenye viatu hivyo, wapishe wenye shida."

Watu wakacheka. Yeye akasema tu, "Sawa, dada," akaondoka.

Wiki tatu baadaye mlezi wa bweni akaniita. Vumilia alikuwa amerudi kwao, mgonjwa. Siku zote zile alilala juu ya mbao za kitanda, ametandika gunia na khanga moja, huku akiwaambia wenzake kwamba godoro lake linakuja na basi. Nawe unaijua baridi yetu ya Julai. Ilimwingia kifuani.

"Si angeomba," nikasema.

"Aliomba," mlezi akanijibu.

Jumamosi ile nilitoa godoro langu mwenyewe kitandani, nikapanda nalo basi hadi Ilula. Mama yake nilimkuta kando ya barabara, anapanga nyanya zake kwenye ndoo. Nikamwamkia, nikajieleza. Alinisikiliza bila kuniangalia, akifuta nyanya moja kwa ncha ya khanga.

"Viatu vile ni vya mke wa mwinjilisti wetu," akasema. "Tuliviazima ili mwanangu asiingie chuoni peku. Ulitaka aje peku ndipo uamini?"

Swali hilo, mwanangu, ninalo hadi leo.

Vumilia alikuwa ndani, amelala, anakohoa. Nilimwomba msamaha. "Nimekusamehe, dada," akasema, kisha akageukia ukutani. Nilipomsihi arudi chuoni akipona, akaniambia taratibu kwamba hawezi tena kupita mbele ya wale waliocheka. Nikaliacha godoro mlangoni nikaondoka.

Hakurudi. Kabla mwaka haujaisha nikapata habari kwamba kifua kile kimemwondoa duniani. Kama ni zile mbao, au kama ugonjwa alikuja nao toka kwao, sijui. Hakuna aliyeniambia, nami sikuthubutu kuuliza. Nimefundisha watoto wa watu mpaka nimestaafu, na kila mwaka, wanafunzi wapya wakiingia darasani, nilimtafuta kati yao, ingawa nilijua alipozikwa.

Basi, mwanangu, usimpime mtu kwa macho. Muulize pembeni, na akisema hana, mwamini. Heri kumi wakudanganye kuliko kumfukuza mmoja aliyesema kweli. Wala usiwapange foleni mbele za watu; peleka godoro bwenini kimyakimya, mtandikie, uondoke. Na ulimi wako uchunge kuliko daftari hilo. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nakwambia, dole langu lingekwisha kupona zamani.

Mungu akupe mkono mpana na neno la upole. Wote utakaowapelekea walale wapate joto, waamke wazima, wasome wamalize. Nawe uzeeke bila jina la mtu kukulemea moyoni. Nenda, mwanangu, majirani wanakusubiri.