Siku Bibi Alipotutembeza Kilosa

Juzi mpwa wangu alinitumia picha za matembezi yake huko Ulaya. Siku moja, miji mitatu ya kale: makanisa yenye malaika wa dhahabu darini, nguzo zilizopinda kama nywele za kusuka, na mwongozaji ameinua mwavuli mwekundu ili watu wake wasipotee. Nilizitazama moja moja hadi chai ikapoa, na mawazo yangu, rafiki yangu, yakaenda zake Kilosa.

Nilikuwa darasa la sita, Mikumi. Tulikaa karibu na barabara kuu, nikazoea kulala na kuamka na honi za malori, na harufu ya maandazi aliyokaanga mama tangu alfajiri. Mwalimu wa historia alitutangazia safari ya kwenda kuuona mji wa zamani wa Kilosa, akaomba wazazi wawili wa kutusindikiza. Mama hakuweza kuacha biashara. Akamtuma bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa ameshuka kutoka Vidunda, kule mlimani, kuja kumlea mdogo wangu.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Bibi alikuja na katambuga zake za tairi na kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Akikolea katika mazungumzo, Kiswahili kilimwishia, akaendelea kwa Kividunda. Wenzangu wengi walikuwa watoto wa wenye maduka na wa watumishi waliotoka mbali, na kuwaiga watu wa mlimani ulikuwa mchezo wao. Mmoja aliponiuliza, "Yule bibi ni wa nani?" nilijifanya nahesabu miti dirishani.

Njiani kuna mahali panaitwa Ulaya. Tulipofika hapo basi zima lililipuka: "Tumefika Ulaya! Tumefika Ulaya!" Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa viti vinne mbele yake, nimemgeuzia kisogo.

Kilosa tulipokelewa na mwongozaji, mtu wa makamo aliyevaa kofia na suruali yenye mkunjo wa pasi, ana fimbo ndefu ya kuonyeshea vitu. Alianzia stesheni. Palinuka grisi na vumbi la moto, na treni ya mizigo ilipopiga honi wote tuliziba masikio. Kisha akatupeleka kwenye jengo moja la zamani lenye kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu.

"Hili ni la enzi ya Mjerumani," alisema, akiugonga ukuta kwa fimbo. "Mafundi walitoka kwao, na matofali haya yaliletwa kwa meli."

"Hapana," ilisema sauti ya bibi kutoka nyuma.

Tukageuka. Bibi alikuwa ameweka kikapu chini. Akaanza kueleza, haraka, kwa Kividunda, mkono ukielekea mtoni. Mwongozaji alitabasamu. "Samahani mama, sikuelewi." Wenzangu wakaanza kuguna na kucheka chini chini.

"Nani anaelewa anachosema?" aliuliza mwalimu.

Bibi hakunitazama hata kidogo. Nadhani alikusudia kuniachia niamue mwenyewe. Nikanyoosha mkono.

"Mimi, mwalimu. Ni bibi yangu."

Nikatafsiri. Baba yake alishushwa kutoka Vidunda kwa nguvu, yeye na wenzake, wakafyatua matofali haya na kuyachoma kando ya mto. Kila tofali likitoka kwenye kalibu, likiwa bado bichi, walilibonyeza vidole wakati msimamizi anaangalia kwingine. "Anasema tutazame upande wa nyuma, pale plasta ilipobanduka."

Tulikimbia. Mwalimu alikwangua ukungu kwa kalamu yake, akasimama ghafla. Vilikuwepo. Vidole vinne, kisha vitatu, kisha kiganja kizima, tofali baada ya tofali.

Mwongozaji alivua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Alama ya baba yako ni ipi?"

Bibi alicheka. Nikatafsiri jibu lake kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kusoma darasani: "Sijui. Chagua yoyote. Wote walitoka kwetu."

Basi yule bwana akamkabidhi fimbo. "Tuongoze wewe. Mimi nitafuata." Na bibi akatuongoza, fimbo juu, katambuga zikipiga barabara, mimi ubavuni mwake nikigeuza kila neno: hapa walilala, hapa walipikiwa ugali wa mtama usio na mboga, hapa mto ulifurika na kubeba tanuri zima. Watu wa sokoni walisimama kutuangalia. Jioni, kwenye basi, wenzangu waligombea kukaa karibu naye, na mwanafunzi aliyekuwa hodari wa kuwaiga watu wa mlimani aliniomba nimfundishe salamu ya Kividunda.

Bibi amelala Vidunda sasa. Kividunda changu kimebaki cha salamu na cha kugombeza watoto, nao hunijibu kwa Kiswahili. Ule ukuta umepigwa plasta mpya na rangi nyeupe, wala hakuna kibao cha kumweleza mpita njia. Lakini tukienda wote Kilosa siku moja, sitahitaji kibao. Nitakuzungusha nyuma ya jengo, nitahesabu hatua saba kutoka kwenye kona, nikushike mkono na kukuonyesha pa kuweka vidole vyako.